Komeo la Oveni, Wiki ya Bata Mzinga

Jumapili, 24 Novemba

Nimefanya ujinga leo. Niuandike upesi kabla sijaanza kujitetea.

Oveni ilikuwa chafu. Wala haikuwa chafu ya kutisha — maji ya pai ya tofaa ya mwezi wa tisa yalimwagika chini, yakaungua, yakakauka meusi kama lami. Ningeweza kuishi nayo mpaka Krismasi. Lakini Alhamisi ni Sikukuu ya Shukrani, mwaka huu watu wanakuja kwetu, na kati yao yumo wifi yangu Bernadine, ambaye hawezi kuingia jikoni kwa mtu bila kufungua oveni. Eti anaangalia nyama. Haangalii nyama!

Basi tuliporudi kanisani nikabonyeza kile kitufe cha kujisafisha. Sijawahi kukibonyeza tangu tununue jiko hili. Mlango ukajikomea wenyewe, klak, na oveni ikaanza kujichoma ndani kwa ndani mpaka uchafu ugeuke majivu. Moshi! King'ora kikalia. Gaylen akaja na taulo akakipepea, mimi nikafungua madirisha yote, baridi ya ziwani ikaingia, tukasimama jikoni kwetu tumevaa makoti na kofia kama watu wanaosubiri basi. Tulicheka. Miaka yote hii ya ndoa na mume wangu bado ananichekesha.

Jioni ikamaliza. Imepoa kabisa, nimeweka kiganja kwenye kioo. Mlango haufunguki. Pale penye saa inawaka F9, na inalia pi-pi-pi.

Gaylen anasema labda bado ina joto kwa ndani. Hana wasiwasi. Mimi pia sina. Kidogo tu.

Jumatatu, 25 Novemba

Bado.

Kitabu cha maelekezo nimekisoma na miwani na bila miwani. F9 ni hitilafu ya komeo la mlango. Asante sana! Halafu: zima umeme, subiri, washa tena. Tumezima, tumesubiri, tumewasha. Pi-pi-pi. Halafu: anzisha usafishaji, kisha uukatishe mara moja, ili komeo lizunguke na kurudi. Tukafanya. Ndani yake kitu kikanguruma kama mzee anayeamshwa kwenda kazini, kikanyamaza. Mlango palepale.

Nikampigia fundi. Mtu mchangamfu. Akacheka kabla sijamaliza — si kwa ubaya. Kila mwaka wiki hii, kasema, wanawake wa wilaya nzima wanabonyeza kitufe kile, na kila mwaka milango inagoma, maana moto ule unachosha vyuma na waya. Atakuja wiki ijayo. Wiki ijayo! Akaniuliza kwa upole kwa nini hatusafishi mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi Bernadine haji.

Majirani nimewawaza wote. Siku ile kila oveni mtaani ina bata mzinga wake.

Sasa niseme lililo moyoni, maana hapa hakuna wa kunisikia. Bata hanisumbui. Tungekula mkate na jibini mimi ningeshukuru vilevile. Ni Gaylen. Mikono yake inatetemeka tangu mwaka juzi. Daktari ana jina refu la hali ile. Sisi tunasema tu "mikono". Mwaka jana kwa dada yake aliinua bakuli la mchuzi ampitishie jirani yake, likamponyoka, mchuzi ukaenda kwenye kitambaa cheupe cha mama yao. Hakuna aliyesema kitu. Hao ndio watu wetu! Wangecheka ingekuwa nafuu. Wakaanza kuongea kwa sauti juu ya barafu ya ziwani, na Bernadine akaja taratibu akamfunga kitambaa shingoni kama mtoto mchanga. Gaylen akainuka, akavaa koti, akaenda kukaa kwenye gari mpaka tulipomaliza. Nilimkuta kioo kimejaa mvuke.

Tangu siku hiyo hajala na mtu yeyote isipokuwa mimi. Chakula cha kanisani haendi. Mkahawani haendi. Kirsten, binti yetu, akija kutoka Minneapolis, baba mtu hana njaa, eti amekwisha kula. Miezi nimembembeleza mpaka akasema: sawa, waje, kwangu nitajaribu. Kwa Bernadine harudi.

Kwa hiyo mlango huu ufunguke.

Jumanne, 26 Novemba

Jiko tumelizimia umeme, pi-pi-pi ilitutoa akili. Chakula cha jioni: siagi ya karanga. Gaylen kafurahi kama mvulana.

Bernadine kapiga simu. Sijui nani kamwambia, labda fundi, labda hewa. Oveni yake ni kubwa, akasema, na haina kazi, tungehamia tu kwake, si usumbufu hata kidogo. Nikasema la, wifi, asante, tuko sawa. Akasema kwa kweli si usumbufu, ameshatandika hata meza. Nikasema la, una mengi wewe. Na sheria ya kwetu naijua, nimelelewa nayo: ya kwanza unakataa, ya pili unakataa kwa adabu zaidi, ya tatu unapokea. Kukataa ya tatu ni kumtukana mtu. Nikamsikia anavuta pumzi ya hiyo ya tatu!

Nikamwambia nina kitu kinachemka jikoni, nikakata simu.

Kinachemka! Kwenye jiko lisilo na umeme! Nimesimama pale uso unaniwaka, na Gaylen kwenye kiti chake anacheka hadi machozi. Halafu akafuta macho. Akasema, taratibu, kwamba mimi na Kirsten tunaweza kwenda tu. Yeye atabaki na redio, kuna mchezo wa mpira.

Nikamwambia asinitibue.

Jumatano, 27 Novemba

Siku njema. Ndefu, ina vumbi, lakini njema.

Asubuhi nilimkuta ameshasogeza meza. Gaylen alitengeneza pampu na mashine za kukamua ng'ombe maisha yake yote. Vifaa vyake hakuvigusa tangu mikono ianze, na leo sanduku limepanda toka chini, liko wazi sakafuni. Kasema jana alitazama video mpaka macho yakamuuma. Komeo linaendeshwa na kimota kidogo kilicho nyuma, ukifungua bati la mgongoni unakifikia. Kazi ya mtoto, kasema.

Tukalivuta jiko juu ya zulia kuukuu. Huko nyuma! Kifuniko cha plastiki, tambi, soksi ya mtu, na vumbi la kutosha kupanda viazi. Bernadine angezimia.

Akachukua bisibisi. Skrubu ya kwanza ikamkataa. Bisibisi inateleza, anairudisha, inateleza, inakwaruza bati — kriii. Nikajifanya nafuta tambi. Mara ya nne au ya tano akaitupa bisibisi ukutani, akatoka nje bila kofia, akasimama gatini anaangalia ziwa. Nilimwona kupitia dirishani. Niliumia. Niandike hivyohivyo: niliumia.

Sikumfuata. Nikaokota bisibisi, nikaanza mwenyewe.

Aliporudi pua imemwiva. Akasimama mlangoni kidogo. Halafu:

"Unakaza, wewe. Hufungui."

"Nafungua!"

"Kushoto, Lorna. Kushoto. Mkono unaovalia saa."

"Sijavaa saa."

"Ungekuwa umevaa!"

Akaketi kwenye kigoda na tochi, mwanga unacheza ukutani, na tukaenda hivyo mpaka mchana. Tumegombana kuhusu kila skrubu. Yeye anajua kila kitu na hawezi kushika. Mimi naweza kushika na sijui kitu. Aliniita fundi feki. Nikamwita bosi asiyelipa. Bati likatoka. Ndani waya za kila rangi, na kitufe chekundu kidogo ambacho kazi yake ni kukata umeme joto likizidi. Nikakibonyeza, tik. Ndio ule moto wa Jumapili, kasema Gaylen, ulikirusha. Juu yake kimota chenyewe, kidogo kuliko nilivyodhani, na kigurudumu kinachosukuma komeo. Kimekwama katikati.

"Kishike na koleo. Usivute. Kizungushe kama unamfinya mtoto shavu."

Nikakifinya. Kikagoma. Nikakifinya tena, nikasema neno ambalo mchungaji halijui, na — klak!

Tulitazamana. Gaylen akazunguka upande wa mbele, akashika mpini, mlango ukafunguka kama haujawahi kuwa na tatizo duniani. Ndani inang'aa! Majivu kiganja kimoja tu chini, nimeyafuta kwa kitambaa kibichi. Nilitaka nimwite Bernadine saa ileile aje afungue.

Lakini. Tulipowasha umeme F9 ikarudi. Gaylen akasema kimota kimezeeka, hakijui tena kama kimefunga au kimefungua. Tukachomoa waya wake, basi oveni ikakataa hata kuwaka. Tukaurudishia: ikawaka, F9 ikazima, moto ukapanda vizuri. Kifaa kipya kipo mjini Fargo, hakifiki kabla ya Jumatatu. Kwa hiyo tuchague: bila waya hakuna moto, waya ukiwepo kuna moto lakini kimota kinaweza kujifungia wakati wowote kikijisikia.

"Ni kamari," kasema Gaylen.

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema tucheze."

Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikula mabakuli mawili ya supu, akamwaga nusu ya la kwanza, akasema mikono imechoka leo kwa kazi. Kwa kazi! Muda gani sijasikia neno hilo.

Alhamisi, 28 Novemba

Bata kaingia. Mafuta ya siagi, chumvi, vitunguu tumboni, mkate uliokolezwa viungo. Moto mzuri, mlango unafunguka na kufungwa, nimeujaribu mara nyingi hadi Gaylen akaniambia nauchosha. Theluji imeanza, nyepesi. Kirsten yuko njiani. Meza nimetandika kitambaa cha rangi ya kahawia. Gaylen amenyoa. Amejikata kidogo, ameweka kipande cha karatasi, anaonekana kama bwana harusi.

Amesema atakula sebuleni kwenye kiti chake, sahani mapajani, sisi tukae mezani. Milango itakuwa wazi, atatusikia. Nikasema sawa. Ni hatua.

Bado Alhamisi. Chumbani, kitandani, mlango nimeufunga.

Nimetumwa henga ya nguo. Naandika haraka.

Nilikuwa nakata figili niliposikia klak. Nikajiambia ni friji. Nikaendelea kukata! Mtu mzima mimi.

Wakafika kwa pamoja. Kirsten na pai zake mbili za boga, na Bernadine na mumewe Duane, Duane amebeba sufuria ya viazi vya kuponda ya kulisha jeshi, na lefse, zile chapati zetu za viazi, zimefungwa kwenye taulo. Salamu, makoti, viatu mlangoni, nyumba inanukia bata hata Duane akafumba macho. Wifi yangu hakumaliza hata kuvua skafu.

"Niangalie tu nyama," kasema, na mkono uko kwenye mpini.

Akavuta. Akavuta tena.

"Lorna. Mbona umefunga?"

F9. Pi-pi-pi. Na ndani ya kioo bata wangu, rangi ya asali, mzuri ajabu, kama yuko benki.

Kirsten akanitazama, Duane akaanza kuulizia barafu ya ziwani, nami nikaona ile ya tatu ya Bernadine inakuja, tuhamishie vyote kwake. Nilifungua mdomo nikubali.

"Zimeni umeme!"

Gaylen mlangoni. Alikuwa ameshikilia mto wa kiti chake. Akaja akautupa sakafuni mbele ya oveni akaukalia, magoti yakalia, na akamwambia Kirsten alete waya, waya wowote. Nyuma hatuwezi kwenda, kasema, kuna moto huko bado. Tutapitia mbele, pale juu kwenye ufa, tulinase komeo kwa waya tulivute. Kirsten akaleta kipande kutoka gereji. Gaylen akaupinda ncha kwa koleo, akauingiza. Mbele ya watu wote. Ule mkono, na ule waya unacheza juu ya bati: tararara.

Bernadine akainama. "Kaka, mwachie Duane."

Nikajua basi. Sasa atainuka, atavaa koti.

"Duane anajua komeo liko wapi?" kasema Gaylen bila kugeuka. "Mimi jana nimelala nalo."

"Lakini mkono wako—"

"Mkono wangu ndio unaofaa! Komeo linataka kutikiswa. Duane akitikisa itabidi ajilazimishe, mimi natikisa bure."

Sijui nani alicheka kwanza. Nadhani Duane, kwa pua. Halafu Kirsten, halafu mimi nimeshika meza. Gaylen mwenyewe anacheka hadi waya umemtoka. Mwaka na zaidi mkono ule haukutajwa katika familia hii, na sasa unatajwa na mwenyewe, sakafuni, mbele ya bata!

Bernadine hakucheka. Alisimama tu na skafu yake. Kisha kavua pete, kainua sketi kidogo, kapiga magoti pembeni yake, mwanamke yule, na soksi zake nzuri, akasema, "Nipe hiyo tochi."

"Mwanga juu. Juu! Wewe unamulika sakafu."

"Nimeiona sakafu yenu, ina tambi."

Nao wakaanza kugombana, kaka na dada, kama wana miaka saba. Komeo likashikwa, likateleza. Likashikwa, likateleza. Waya ni laini mno, unapinda. Duane akasema kwa kuwa bata hatoki, viazi visipoe. Kwa hiyo Kirsten akapakua palepale, hakuna aliyetaka kwenda mezani akakosa kuona, kila mtu amesimama na sahani au ameegemea kabati. Akapaka lefse siagi na sukari, akaikunja, akampa baba yake kama anavyompa mtu yeyote.

Akaipokea. Mkono mmoja kwenye waya, mwingine na lefse, anakula huku anatoa amri. Siagi kidevuni. Sukari kwenye fulana yote. Tochi ya Bernadine ikahama, nikaiona, ikaenda kwenye kidevu chake — kidogo tu. Ikarudi kwenye oveni. Kisha wifi akasogea karibu zaidi, begani kwake, akanyoosha mkono naye apewe lefse.

Hapo ndipo waya ukakatika, na nikatumwa henga ya chuma, ngumu, ile ya kutundikia suti. Nimeipata. Ilikuwa kwenye suti aliyoivaa Gaylen harusini kwa Kirsten. Iko mapajani mwangu sasa.

Lazima nirudi. Bata atakauka. Anakauka sasa hivi, najua, na Bernadine atalisema hilo mpaka Pasaka.

Wanacheka tena huko. Sauti ya Bernadine inapanda: huyu mtu anamaliza viazi kabla ya bata! Na Gaylen, mdomo umejaa, namsikia mpaka huku:

"Leta basi sufuria nzima hapa chini! Bata haendi popote!"

Kirsten ananiita. Mama, henga! Umeipata?

Bado, nimemjibu. Natafuta.